Valvu ya Njano Nyuma ya Tangi

Januari 9

Shikamoo Mjomba,

Natumaini kifua chako kimetulia na baridi ya huko. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamsahau. Bibi anakusalimu. Anasema ana mtoto mmoja tu wa kiume na siku hizi anamjua kwa mwandiko kuliko kwa sura. Ameniambia niandike hivyo hivyo, nisipunguze.

Ahsante kwa kunitafutia kazi kwenye kiwanda chako cha zamani cha barafu. Leo nimemaliza wiki ya tatu. Kila saa nazunguka na daftari, nasoma geji zote kumi na moja za presha na kuandika. Msimamizi ananiita Msichana wa Namba. Mzee Kofia, rafiki yako, ananiita Kimya kama unavyoniita wewe, kwa sababu siku ya kwanza aliniuliza jina mara tatu na mara zote nilijibu nikiangalia sakafu. Kumbe kweli haivui ile kofia ya sufi hata akiwa kwenye joto la kompresa. Nilidhani ulikuwa unatania.

Shuleni tulisoma amonia kwa siku mbili tu. Mwalimu wa kemia alijaza chupa kwa gesi hiyo, akaipindua juu ya beseni la maji mekundu ya litimasi, na maji yakapanda yenyewe kwenye mrija, yakaruka ndani ya chupa kama chemchemi na kugeuka bluu mbele ya macho yetu. Amonia inapenda maji kiasi hicho. Nilikaa nyuma na sikuuliza kitu, lakini siku ile sijaisahau. Sasa natembea kati ya mabomba yenye kitu kile kile, kinachemka bila moto na kugandisha maji. Mzee Kofia amenieleza kwa chaki sakafuni: ikichemka inayanyang'anya maji joto lake, kompresa inaibana, inapoa na kurudi tangini ikiwa kimiminika, inaanza upya. Nilimwelewa mara moja na sikuweza kumwambia kwamba nimeelewa, kwa hiyo akanieleza tena mara mbili.

Nina swali moja dogo. Nyuma ya tangi la amonia, chini ya geji namba saba, kuna valvu ndogo ya njano. Mabomba yote ni ya chuma na valvu nyingine zote ni za chuma, isipokuwa hiyo, ambayo ni ya shaba ya njano. Pembeni yake pameota utando wa bluu, mzuri kama wino. Tulifundishwa kwamba amonia ikipata unyevu na hewa hula shaba, na ikishakula huacha rangi hiyo. Je, nimekosea mahali? Wewe ulikuwa fundi mkuu hapa, utajua.

Mpwa wako,
Kimya


Februari 2

Mpwa wangu Kimya,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imechelewa kwa sababu huku barabara ikinyeshewa, posta nayo hulala. Kifua hakijambo. Mwambie Bibi yako sura yangu ni ile ile, imeongezeka mikunjo tu, asinitafutie nyingine. Mwambie dada yangu goti alikande kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi za watu kuuliza habari zisizomhusu.

Nimefurahi umeanza kazi. Hapa kwenye kiwanda cha maziwa mitambo yetu hutumia gesi isiyo na harufu, na mimi nimekaa kama mtu aliyehamia nyumba isiyo na majirani. Basi nisikilize nikufundishe, maana kitabu kina kurasa na amonia ina meno.

Kwanza, pua. Mgeni huisikia amonia kabla haijamdhuru, ndiyo heshima yake, inabisha hodi. Lakini ukikaa nayo miaka, pua inazoea na kunyamaza. Usiamini pua ya mzee yeyote pale, hata Kofia. Pili, kwa kuwa inapenda maji, itakutafuta mahali penye maji mwilini mwako: macho, koo, kwapa. Ukitaka kuijua hasira yake, mwulize aliyekwenda kuifungulia huku anatoka jasho. Ikikupata, nawa kwa maji mengi, robo saa, usihesabu kwa haraka. Tatu, mvuke wake ni mwepesi, unapanda, lakini ukitoka na baridi kali unatambaa chini kwanza kama ukungu. Ukikimbia, elekea upepo unakotoka. Mwisho, ikimwagika ikiwa kimiminika, usiimwagie maji juu yake, utaichemsha. Maji ni ya kuukamata mvuke.

Ukiyashika hayo umemaliza nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kuchelewa kustaafu.

Msalimie Kofia. Mwambie bado ananidai mchezo mmoja wa bao.

Mjomba wako


Februari 14

Shikamoo Mjomba,

Sote wazima. Mama amekanda goti na amesema hapandi ngazi za mtu, wanaomwita ndio wanaopanda. Bibi amecheka kuhusu mikunjo. Mzee Kofia anasema mchezo wa bao ulimalizika, wewe ukashindwa ukakimbia mji.

Nimeyanakili mafunzo yako kwenye daftari langu dogo. Ahsante. Ila sikuona jibu kuhusu valvu ya njano. Labda ukurasa mmoja ulibaki mezani kwako.

Nilijaribu kumwambia Msimamizi. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimetumwa kushikilia ukuta. Maneno hayakutoka, kwa hiyo nikaandika kwenye karatasi, sentensi nne, nikamwachia mezani. Jioni niliiona karatasi yangu imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Kwa kweli meza haichezi tena.

Mwalimu wangu alinipa vipande vya karatasi ya litimasi nilipomaliza shule. Nililowesha kimoja chekundu nikakishikilia karibu na valvu. Kiligeuka bluu kabla sijahesabu tano. Mzee Kofia naye aliwasha kijiti cha salfa, kile cha kutafutia uvujaji, akakipitisha pale, na moshi mweupe ukatoka mwembamba kama uzi. Akasema, "Kidogo tu hicho, kimekuwepo siku zote." Nilipoinama kunusa macho yalitoka machozi. Yeye aliinama akasema hasikii kitu. Nikakumbuka ulichoandika kuhusu pua.

Kitu kingine. Nilitaka kujua valvu ilifungwa pale lini, nikafungua madaftari ya zamani. Yote yamekamilika, siku kwa siku, kwa mwandiko wako. Yamekosa ukurasa mmoja tu, wa Julai ya mwaka wako wa mwisho. Je, unakumbuka kilichokuwemo?

Mpwa wako,
Kimya


Machi 17

Kimya,

Marahaba. Hapa tu wazima. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa, anawika mchana. Mwambie Bibi yako nimepata lile koti alilonishonea, linanibana mabegani, nadhani alimpima mtu mwingine.

Kuhusu ulichouliza. Kiwanda kile nilikitunza miaka kumi na tisa, na siku naondoka kilikuwa kinatoa barafu. Wewe una miezi mitatu. Sikukupeleka pale kufukua makabrasha. Nilikupeleka usome geji na uandike namba, na siku moja, ukiwa na subira, ujifunze kushika spana. Daftari zile zilikaa kwenye kabati lenye mchwa, kila mtu anajua. Mchwa hawachagui ukurasa.

Msimamizi ni mtu mgumu lakini si mjinga. Ukimsumbua kwa vikaratasi atakuondoa, na mama yako atanilaumu mimi. Msichana mpole kama wewe apata nini kwa ugomvi? Sikiliza, andika, nyamaza. Hilo la kunyamaza hukuhitaji kufundishwa.

Nimesikia umeme huko hukatika. Ukikatika, angalia geji ya tangi kwanza, presha hupanda. Hilo ndilo la maana.

Mjomba wako


Aprili 3

Shikamoo Mjomba,

Bibi, Mama na mimi hatujambo. Koti ni Mama aliyelipima, kwa shati ulilosahau hapa. Anasema shati halijanenepa.

Mjomba, nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta namna ya kukujibu bila kukuvunjia heshima. Sijaipata, kwa hiyo nitaandika tu.

Mchwa hawakati kwa wembe na rula. Ukingo wa ukurasa ule umenyooka. Nimeupitisha kidole.

Nimefanya jaribio. Mzee Kofia anapotoa hewa kwenye mitambo huipitisha kwa mpira ndani ya ndoo ya maji, ili amonia inayotoka na hewa inaswe na maji. Nilichota maji hayo kwenye chupa mbili, nikabandika SUMU kila upande, nikaziweka nyuma ya choo ambako hata kuku hawafiki. Kwenye ya kwanza nilitumbukiza waya wa shaba. Baada ya siku mbili maji yalikuwa ya bluu iliyokolea, rangi ile ile ya nyuma ya tangi. Kwenye ya pili nilining'iniza juu ya maji, bila kugusa, kichwa cha taa ya zamani ya mafuta ya Bibi, kile cha shaba ya njano. Nilikiacha wiki tatu na kitu. Hakikulika sana kwa macho. Kilikuwa na michirizi tu. Nilipokiminya kwa vidole viwili kilivunjika kama gamba la yai. Bibi amenikasirikia sana kuhusu taa, ingawa haikuwaka tangu sijazaliwa.

Shaba ya njano haimalizwi polepole kwa kuliwa mpaka uione imekwisha. Inapata nyufa ndani huku nje inaonekana nzima. Na valvu ile imebeba presha ya tangi zima, siku zote, saa zote.

Chini yake kuna benchi. Mzee Kofia hukaa hapo asubuhi na mchana na kikombe chake, kwa sababu ndipo penye kivuli na ubaridi. Anaegemea bomba lenyewe.

Nilirudi kwa Msimamizi, safari hii na vipande vya taa mkononi. Niliongea. Nilisema sentensi mbili. Akanisikiliza, kisha akasema, "Valvu hiyo aliifunga mjomba wako kwa mkono wake. Fundi ambaye mimi mwenyewe sijamwona akikosea. Wewe umesoma amonia siku ngapi?" Nikasema siku mbili, kwa kuwa ndiyo kweli. Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo, Mjomba, sikuombi tena maelezo. Valvu ile inalindwa na jina lako. Nakuomba mstari mmoja tu wenye jina lako: ibadilisheni. Sitauliza kingine.

Kimya


Aprili 29

Kimya,

Marahaba. Barua imefika. Mvua imekatika na barabara imekauka. Jogoo yule amechinjwa. Nina mafua kidogo. Mpe Bibi yako pole ya taa, nitamnunulia nyingine.

Umekuwa na maneno mengi. Sikujua kwamba yalikuwa yanakusanyika humo muda wote huo.

Nina kazi nyingi wiki hii. Nitaandika nikipata nafasi.

Mjomba wako

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:) Kofia asikae pale. Mwambie ahamishe benchi.


Mei 12

Shikamoo Mjomba,

Wote wazima.

Jibu lako nimelipata, ingawa hukulitia ndani ya bahasha. Sielewi mtu anawezaje kutumia karatasi nzima kwa jogoo na kuandika neno moja la maana mahali pa kubandika gundi. Niliposoma nilikaa chini uani. Kisha nilikasirika mpaka Mama akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Kwanza nilitii. Nililihamisha benchi mpaka upande wa mlango. Asubuhi Mzee Kofia akalirudisha. Nikalihamisha tena, akalirudisha tena, bila kuuliza, akidhani ni mfagiaji. Siku ya tatu alimgombeza mfagiaji, ambaye ni mtu mzima mwenye wajukuu, wakanuniana. Siku ya nne nililikalia mimi mwenyewe, nikaona aibu, nikainuka. Unaona unayonifanyisha.

Jana nilimpa bahasha yako. Nilimgeuzia upande wa penseli. Alisoma polepole, akaisogeza mbali na macho, akasoma tena. Akauliza, "Ni yeye ameandika hivi?" Nikasema ndiyo. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa nimekaa naye, hajawahi kunihamisha mahali bila sababu."

Akainuka, akabeba benchi lake mwenyewe kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja ofisini. Alimwambia Msimamizi kwamba Jumatatu anasimamisha kompresa, anahamisha amonia yote kutoka tangini na kuifungua ile valvu. Msimamizi alisema haiwezekani. Mzee Kofia akamwuliza basi ni nani atakayeiendesha hiyo kompresa Jumatatu, kama si yeye. Tulisikia mpaka nje.

Msimamizi alinikuta kwenye geji namba nne. Alisema valvu ikitoka nzima, mimi na namba zangu tutarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikamjibu, "Sawa, Msimamizi." Nilishangaa kwamba nilikuwa namtazama usoni.

Sijui kama barua hii itakufikia kabla. Nakuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Kimya


Mei 15

Mpwa wangu,

Sijapata barua nyingine kutoka kwako tangu ile ya Aprili. Sisubiri. Tangu niandike nyuma ya bahasha ile, kila nikifumba macho namwona Kofia ameegemea bomba. Bibi yako alikuwa akituambia mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naitikia kama vile anamsema jirani.

Haya. Julai ile joto lilikuwa kali na kila mtu alitaka barafu. Valvu ya chuma ya geji namba saba iliharibika uzi wake wa kufungia. Tulihamisha amonia, nikaitoa, nikaenda ghalani, hapakuwa na nyingine. Msimamizi alisimama nyuma yangu akiangalia saa yake, anaitoa mfukoni, anairudisha, anaitoa. Kwenye sanduku langu nilikuwa na valvu ya pampu ya maji, shaba ya njano, uzi ule ule. Nilijua. Kila kijana niliyemfundisha nilianza naye kwa somo hilo: shaba na amonia havilali nyumba moja. Nikamwambia Msimamizi, "Hii ni ya siku tatu." Akasema, "Hata siku moja inanitosha." Nikaifunga.

Ya chuma ililetwa siku ya tano. Lakini kuibadilisha ni kusimamisha barafu siku mbili. Nikasema Jumatatu. Ikaja, nikasema Jumatatu nyingine. Unajua Jumatatu zilivyo nyingi. Kila siku iliyopita ilinifanya nione aibu zaidi kuisema, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyochelewa. Mwisho nikapata kazi huku. Watu walisema nimefuata mshahara. Mimi nilitaka mahali ambapo sitaisikia harufu ile. Siku ya kuondoka nilikata ukurasa.

Niliogopa kuuandika mstari mmoja uliouomba, kwa sababu nilijua utasomwa na watu ambao niliwafundisha. Nilikuita mtoto mpole, eti unyamaze. Mimi ndiye niliyenyamaza, wewe uliongea.

Valvu ya chuma ipo. Ghalani, rafu ya chini kabisa, nyuma ya mikanda mibovu, kuna bati lenye mwandiko wangu: MISUMARI ILIYOPINDA. Ndimo ilimo, imefungwa kwenye gunia lenye grisi.

Karatasi ya pili ni ya Msimamizi. Nimeandika yote hayo na kutia jina. Mpe. Kama utaona haina haja tena, ichome, mimi sitauliza.

Mjomba wako


Juni 7

Shikamoo Mjomba,

Mama na Bibi wazima. Barua zetu zilipishana njiani, nami nimechoka kupishana nawe, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio.

Jumatatu ile Mzee Kofia alifanya kama alivyosema. Ilichukua siku nzima mpaka tangi likabaki tupu. Kesho yake alichukua spana. Msimamizi alisogea akasimama karibu kuangalia, na mimi nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Naomba usimame upande huu, Msimamizi. Huko ndiko upepo unakokwenda." Akahama. Mzee Kofia aliweka spana na kuiegemea, hata hakuivuta. Valvu ikakatika vipande viwili. Ndani ilikuwa ya bluu na punje punje, kama mkate mkavu uliovunjwa.

Mzee Kofia alivua kofia. Mjomba, ana nywele nyingi tu. Sote tulidhani ni upara.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Msimamizi hakunirudisha nyumbani, lakini hapakuwa na valvu ya chuma. Tuliambiwa agizo litachukua wiki sita. Kiwanda kikasimama. Wenye bucha walikuja, wenye maziwa walikuja, mama wa mochari alikuja na kusimama tu bila kusema, na huyo ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Kila mmoja alielekezwa kwangu kwa kidole: msichana yule pale. Mama aliulizwa sokoni kama binti yake ameumia kichwa. Siku kumi na moja, Mjomba. Nilikuwa nazunguka kila saa kusoma geji kumi na moja zenye sifuri na kuandika sifuri, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Barua yako ilifika siku ya kumi na moja. Niliisoma kwa kusimama, nikaenda ghalani. Bati lilikuwa pale pale. Nani angefungua bati la misumari iliyopinda? Kutoka bati hilo mpaka tangini ni hatua kumi na nne. Nimezipima mara mbili kwa sababu sikuamini. Miaka miwili na zaidi, na hatua kumi na nne. Nilipiga teke ndoo. Mzee Kofia alisema hajawahi kuniona hivyo na akarudi nyuma kidogo.

Valvu ya chuma imefungwa. Barafu inatoka tangu Ijumaa.

Sasa karatasi ya pili. Nilimpa Mzee Kofia kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anakaa pale. Alisoma, akafuta macho, akasema ni mvuke, ingawa tangi halikuwa linavuja. Akasema nichome: mtu ameshasema, valvu imeshabadilishwa, jina lako lina faida gani likichafuliwa? Kisha nilimpelekea Msimamizi. Alisoma mpaka alipofika kwenye habari ya saa yake, akaikunja. Akasema kwa upole, upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba haina haja kabisa, nichome.

Nilitoka nayo. Niliwaza kutwa nzima. Wewe ndiye ulinifundisha amonia ina meno, na wewe ndiye ulinitafutia kazi. Nakupenda, Mjomba, hilo lijue kabla ya yanayofuata.

Mwaka ujao au mwaka wa kumi, joto litakuwa kali tena na uzi mwingine utaharibika. Mtu atasimama pale na valvu ya njano mkononi, na mwingine nyuma yake na saa. Atafungua daftari aone waliotangulia walifanya nini. Mpaka jana angekuta ukingo ulionyooka.

Nimechukua gundi ya ofisini na kuibandika karatasi yako mahali ulipokata. Imezidi kidogo upande wa chini, kwa kuwa mwandiko wako ni mkubwa, nimeikunja. Msimamizi aliniona. Alisimama, akatia mkono mfukoni, akautoa bila saa, akaondoka.

Bibi anasema sasa huna sababu ya kukaa mbali, na anataka taa yake. Mzee Kofia ana hasira nawe na amenituma nikuambie hivyo, halafu akaniita tena niongeze kwamba bao liko tayari. Benchi lake limerudi chini ya geji namba saba. Asubuhi hii, kabla hajakaa, nililowesha kipande chekundu cha litimasi nikakishikilia pale dakika kumi nzima.

Nimekitia humu ndani, si nyuma ya bahasha. Ni chekundu bado. Kiangalie.

Mpwa wako,
Kimya